Dada Alivyofundishwa Kutulia

Juzi mjukuu wangu alikuja na daftari lake la Kiingereza, akaniuliza neno active maana yake nini. Nilimjibu sijui. Nilidanganya, na tangu siku hiyo nafsi inanisuta. Kwa hiyo naandika hapa ninachokumbuka, ingawa shule yangu ilikuwa ndogo na huenda mahali nakosea.

Enzi za Mwingereza nilikuwa darasa la tano katika shule ya misheni ya wasichana. Mwalimu wetu, mama wa Kizungu, alilipenda sana neno hilo. Milima inayotema moto huko magharibi, ng'ambo ya Karagwe, alisema ni active. Mlinzi wa shule, aliyekuwa mstari wa mbele vitani Burma, naye alikuwa amefanya kazi ya active. Hata vitenzi ubaoni vilikuwa na active yao. Sisi tulikariri tu, huku moshi wa kuni ukituletea harufu ya ndizi na maharage kutoka jikoni.

Dada yangu alikuwa darasa la sita, na kwake hilo neno halikuhitaji kukaririwa. Asubuhi alishuka kisimani mara mbili kabla mimi sijaosha mtungi wangu, akapanda kilima akiimba. Bibi alimgombeza kila siku: "Wewe, miguu yako ina nini? Nani ataoa mbuzi aliyekata kamba?" Kwetu Buganguzi binti mwema alitembea taratibu, alipiga magoti kusalimia, na akiolewa aliitwa mugole, akafichwa ndani miezi bila kugusa kazi. Dada alicheka tu. Yeye angekuwa nesi Bukoba, alisema, na nesi hakai. Baba alikuwa amekubali amalize kwanza darasa la nane.

Siku ya kufunga shule tulikuta mgeni ndani, mzee kutoka Ngenge, ametumwa na ukoo wa kijana fulani kumwangalia dada. Alikuwa ameketi kwenye nyasi mpya zilizotandikwa sakafuni, anatafuna punje za kahawa alizokaribishwa nazo. Baba, ambaye hakujua Kiingereza, aliniambia kwa fahari nisome ripoti ya dada mbele ya mgeni. Dada asingeisoma mwenyewe, binti hajisifu.

Nikasoma. Hesabu nzuri. Usafi mzuri. Msichana active sana.

"Ndiyo nini hiyo?" baba akauliza.

"Hatulii, tata. Wakati wote yuko mbioni, mara hiki, mara kile. Mwalimu anamsifu."

Mgeni akatemea ganda la kahawa kiganjani. "Basi mtupe na kamba, tusije tukamfukuzia mpaka ziwani."

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Sisemi baba alikuwa mbaya. Alikuwa amechekwa nyumbani kwake. Mwalimu naye aliandika jema alilolijua. Mgeni alitania, kama wageni wanavyotania. Ila mimi ningeweza kuuruka mstari ule. Nadhani sikuuruka kwa sababu nilijivunia kuuelewa. Au labda najibebesha makubwa, na baba angeamua vilevile. Sijui.

Shule ilipofunguliwa nilirudi peke yangu. Dada alibaki na bibi, anasuka mikeka, anafundishwa kukaa. Mwaka haukuisha, akapelekwa Ngenge.

Nilimtembelea miaka mingi baadaye. Tulikuwa barazani, na kahawa yao ilikuwa imeanikwa uani, mikeka mitatu. Mvua ikaja ghafla. Nikainuka nikaianue, dada akanishika nguo.

"Kaa, mdogo wangu. Ni mvua tu."

Tukakaa. Tukaitazama kahawa ikiloa mkeka mmoja baada ya mwingine, na yeye mikono ameiweka mapajani.

Bibi, baba, yule mgeni, wote wamekwenda, na sasa dada pia. Msibani wanawe walisimama wakasema mama yao alikuwa mtu mtulivu, hawakuwahi kumwona akiharakisha jambo. Walisema kwa kumsifu. Nami sikuwasahihisha.