Dakika Kumi za Kwanza

Tulisikia hatua kwanza. Skrini ilikuwa nyeusi, na ndani ya weusi huo mtu alitembea juu ya changarawe, polepole, akasimama, kisha akatembea tena. Ukumbi wote ulinyamaza. Hata vijana wa buchari waliokuwa wakitafuna njugu kwenye benchi la nyuma waliacha kutafuna. Hatukuwa tumeona mtu wala nyumba, lakini kila mmoja wetu alikuwa ameshaamini kwamba huyo anayetembea ana jambo baya moyoni.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mabati huko Majengo, mjini Meru, madirisha yamezibwa kwa blanketi kuukuu, televisheni imefungiwa ndani ya kizimba cha waya. Mwenye ukumbi, mzee mmoja, aliuza nyama asubuhi, na alasiri alituonyesha filamu. Mimi nilikuwa nasomea kupiga taipu, nimepanga chumba nyumba mbili kutoka pale. Nilipenda filamu za kutisha, za mauaji na siri, kuliko nilivyopenda chakula.

Mzee huyo alikuwa na desturi moja. Dakika kumi zikipita, alisimamisha kanda, akajiweka mbele ya televisheni na kuuliza, "Haya. Ni nani?"

"Buda, si ni huyo msee wa koti!"

"Kwa nini yeye?"

"Anakaa mbaya."

"Hata wewe unakaa mbaya na bado nakuuzia maini."

Tulicheka mpaka mabati yakalia. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nasema ni mke. Ameosha vikombe viwili na ako peke yake kwa nyumba."

"Mama, wewe na vikombe! Mzee wako anakunywa chai kweli?"

"Anakunywa. Lakini hanipi mgongo nikiosha."

Vicheko vilipotulia, mzee alitufundisha, na sijapata mwalimu wa hadithi aliyemzidi. Alisema mtu anayetengeneza filamu ya namna hii hakwambii kitu, anakuonyesha tu. Koti zito kwenye jua. Viatu safi kwenye njia ya matope. Mtu anayejibu swali kabla halijaisha. "Anakuwekea vitu vitatu mezani, halafu ananyamaza," alisema. "Kazi ya kumshuku mtu unaifanya mwenyewe, na kwa raha zako." Kisha akabonyeza kanda iendelee, na mwisho wa filamu, mara nyingi, ilionekana kwamba ukumbi mzima ulikuwa umemhukumu asiye na hatia. Vijana walipiga mbinja. Mimi nilitoka nimewaka kama mshumaa. Nyuma ya karatasi za mazoezi ya taipu niliandika mianzo hiyo yote: nani alionekana kwanza, nini kilifichwa, ukimya ulikaa muda gani. Nilijifunza vizuri sana kushuku. Ile aibu ya mwisho sikuiandika.

Nyumbani kwetu ni Ruiri, kwenye upepo, maharagwe na ng'ombe wachache. Nilikwenda huko kila mwisho wa mwezi. Mama hakuwa mtu wa Meru. Alizaliwa Gachoka, kule Mbeere kwenye joto, na baba alimkuta huko alipokuwa kibarua wa kupakia pamba. Alimfuata na kiondo kimoja, bila kuaga.

Kwa watu wa baba, mwanamume akimtaka binti wa watu hupeleka kwao kitita cha miraa iliyochaguliwa jiti kwa jiti, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Kikipokelewa, msichana ameombwa na mazungumzo yameanza. Baba hakupeleka. Mwaka ule kulikuwa na ukame, kisha tukazaliwa sisi, kisha karo, kisha nadhani ikawa aibu tu, ile ya mtu aliyechelewa mno hata anaogopa kubisha. Mama alilifanyia mzaha. Harusini alisema, "Mimi nilijileta mwenyewe kama kuku aliyepotea," na wanawake wakacheka naye. Lakini tukirudi kutoka harusi hizo alikaa siku mbili akisema nasi Kimbeere peke yake, na sote tulijua maana yake. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, aombwe. Tena kila mtu alijua kwamba mwanamke asiyeombwa, akifa, watu wake wanaweza kuja kumchukua wakamzike kwao, na mume asiwe na la kusema.

Mwaka huo mama alianza kukonda. Baba alimpeleka hospitalini, daktari akazungumza na baba pembeni, na baba akaja akisema ni vidonda vya tumbo. Tulimwamini. Mama alimeza vidonge vyake akaendelea kupalilia, ila sasa alipalilia ameketi.

Nilipokwenda nyumbani mwezi uliofuata nilimwona baba alfajiri amevaa koti lake la kanisani. Ilikuwa Jumamosi. Baba, mtu wa gambuti mwaka mzima, alikuwa amepaka viatu rangi vikang'aa. Nilimuuliza, "Baba, unaenda—" naye akanijibu, "Sokoni, kuangalia mbegu," kabla sijamaliza. Alipoingia kunywa chai niliinua gunia ghalani. Chini yake kulikuwa na kitita kimefungwa kwa majani ya mgomba, mbichi bado, kamba imekazwa na mtu aliyeogopa kisifunguke.

Koti, viatu, kitita. Mwili wangu ulisisimka, na nikiri hapa kwamba katika msisimko huo mlikuwa na furaha. Baba yangu alikuwa anaomba mke wa pili, na mimi, peke yangu katika ukumbi, nilikuwa nimemjua katika dakika kumi za kwanza.

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Alikuwa akipukuchua maharagwe juu ya gunia.

"Umekiona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Kimefungwa na majani ya mgomba?"

"Ndiyo."

Alipukuchua ganda moja, kisha la pili. "Basi huyo ataombwa," alisema. "Ni vizuri. Msichana aombwe."

Nilingoja alie au atukane. Hakufanya hata moja. Baba alirudi jioni amechoka, hana mbegu, akalala. Asubuhi, alipokwenda kunywesha ng'ombe mtoni, mama alifunga nguo zake ndani ya leso mbili, akatia sufuria yake ndogo kwenye kiondo, akaniambia nibebe. Nilibeba. Nilijiona mtu wa haki. Tulishuka Meru, tukashika gari la Embu, na njia nzima alilaza kichwa kwenye bega langu. Nikashangaa jinsi kilivyokuwa chepesi.

Gachoka tulifika jua likiwa kali. Nyumbani kwa mjomba, kaka yake mkubwa, wazee watatu wa jirani waliketi kivulini na vibuyu vya pombe ya asali. Mjomba alisimama akiwa ameshangaa.

"Dada! Umekuja kutembea?"

"Sikuja kutembea," mama alisema, na alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Nimerudi. Mizigo yangu ndiyo hii."

Wazee wakatazamana. Mmoja aliweka kibuyu chini taratibu. Mjomba akasema, "Umerudi? Na mumeo alikuwa hapa jana?"

Ndipo yote yalipotoka, bila mpango, maana mjomba alidhani mama anajua. Kwamba baba alikuja na koti na kitita, akapiga magoti mbele yao, mtu mzima mwenye mvi, akaomba msamaha wa miaka yote. Kwamba alileta mbuzi wawili aliowanunua njiani, wale pale. Kwamba pombe hii ilikuwa ya kumpokea. "Alisema tufanye haraka," mjomba aliendelea, "kwa sababu daktari amemwambia huu ugonjwa wako hautangoja mavuno. Alitaka uwe umeombwa kabla ya... Dada, si alikwambia?"

Mama aliketi chini, pale pale vumbini, miguu ameinyoosha kama mtoto. Baba alikuwa amemficha jambo hilo kwa sababu kukitaja kitita kungekuwa ni kumtajia kifo. Mimi nilisimama na kiondo mkononi. Nilikuwa nimemwambia mama yangu mambo mawili kwa siku mbili: la kwanza la uongo, na la pili, kwa kumleta hapa, la kweli, kwamba anakufa, na sijui hadi leo ni lipi lililomuumiza zaidi.

Nimewaza mara nyingi juu ya mianzo ile. Katika filamu kuna mtu aliyekaa akachagua viatu, akachagua jua, akakuelekeza uangalie. Ghalani kwetu hakuna aliyechagua kitu. Kulikuwa na mwanamume mwenye hofu aliyefanya haraka, na binti aliyepita akajitengenezea filamu. Vitu vilikuwa vilevile kabisa.

Jambo lilikuwa bado halijaisha. Mzee mmoja, yule aliyeweka kibuyu chini, alisema kwa upole kwamba mwanamke aliyerudi kwao na mizigo, akatamka mwenyewe mbele ya watu kwamba amerudi, amerudi. Kitita cha jana kilimwombea mke aliyekuwa kwa mumewe. Huyo hayupo tena.

"Hakujua alichokuwa anasema!" nilidakia.

"Wewe nyamaza," mke wa mjomba aliniambia. "Wewe umesema ya kutosha."

Mjomba alimtazama mama. "Dada, ukitaka tutasahau. Nitakupeleka Ruiri kesho, tuseme umekuja kutembea."

Mama alikung'uta vumbi kwenye sketi yake. "Hapana," alisema. "Aanze upya. Aniombe nikiwa hapa, nasikia."

Nilipokwenda Ruiri kumpa baba habari, hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza," akatoka kwenda kumtafutia mama miraa. Msimu ulikuwa mbaya, na miraa ya kitita haiwi ya kuokota sokoni. Ilimchukua wiki mbili kupata mtu wa Nyambene aliyekubali kumchagulia jiti kwa jiti. Wiki hizo mbili niliacha taipu nikakaa Gachoka. Mama alikuwa haamki tena. Nilimlisha uji kwa kijiko, naye alinitania mbele ya wageni: "Huyu amesoma. Anajua mambo hata kabla hayajatokea." Kisha alinishika mkono ili nijue ameshanisamehe, na hilo lilikuwa gumu kuliko kofi.

Jumamosi ya pili baba alikuja. Mama alikuwa chumba cha ndani, pazia tu likimtenga na sebule, nami nimekaa kitandani nyuma ya mgongo wake nikiwa mto wake. Tuliwasikia wakiketi. Tukasikia majani ya mgomba yakiwekwa mezani.

"Unasema umekuja kufanya nini, mtu wa Meru?" mjomba aliuliza, kwa sauti ya kuigiza ukali.

"Nimekuja kuomba binti."

"Yupi? Sisi hapa tuna mmoja, na ni mgonjwa."

"Huyohuyo."

"Hajui kupika chakula cha Meru."

"Amejua. Amepika vizuri," baba alisema, na sauti ikamkatika. Wazee walikohoa wampe nafasi. "Ni mchapakazi. Ana mdomo. Ninamtaka akae kwangu."

Mama alicheka. Nilikisikia kicheko chake mgongoni mwake, kifuani mwangu, kabla hakijafika mdomoni. "Hiyo ya mdomo si angeiacha," alininong'oneza.

Mke wa mjomba aliingia, kama inavyopasa, kumuuliza anayeombwa. "Tukipokee?"

Mama alikusanya pumzi. Alitaka asikike hadi kule. "Kipokeeni," alisema.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, mchana, ndengu zikiwa zimeanikwa uani. Tulimzika Ruiri, upande wa juu wa shamba, na watu wa Gachoka walikuja na magari mawili wakaimba. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa kitita kilikuwa kimepokelewa. Lakini siku ile ya kuomba hakuna aliyejua zimebaki siku ngapi. Baba aliomba aingie amwone. Mjomba akasita, akawatazama wazee, na wazee wakakataa kwa vichwa: mwombaji hamwoni binti siku ya kitita, wala hapaswi kulala kwa wakwe. Ajaribu kufuata utaratibu mara hii moja. Baba alikubali upesi mno, kama mtu anayeogopa kuharibu tena.

"Basi nitakuja Jumamosi na mbuzi," alisema, akiinua sauti kuelekea kwenye pazia.

"Njoo na koti," mama alijibu, ila kwa kunong'ona. Mimi peke yangu nilisikia. Nilitaka kupaza sauti nimfikishie. Mama akaniminya kidole, ninyamaze.

Tuliwasikia wakipeana mikono mmoja mmoja. Tukasikia viatu vyake vikivuka sebule. Upepo wa vumbi uliingia kidogo, mke wa mjomba akamwambia, "Safari njema, muthoni," yaani mkwe, kisha akaufunga mlango nyuma yake.