Pole ya Mtoto wa Mbao

Kuna aibu ambayo mtu huificha mpaka ndevu zikaota mvi, kisha akaona afadhali aisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa Amu (ndiyo Lamu), kwa maana wao hutia chumvi, na hii yangu ilitoka jikoni ikiwa na chumvi ya kutosha. Basi nasema kwa kinywa changu: ni kweli niliingia kwa wanawake nikiwa nimejitanda nguo nyeusi, ni kweli niliketi mkekani, na ni kweli kwamba nusu ya mtaa ilinipa pole za msiba ambao haukuwapo.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa kijana wa kutangatanga. Kwetu Vanga. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu niliona meli inapita nikataka kujua inakwenda wapi (sababu nyingine sina), nikaja nikafagia duka la mpiga picha mmoja Mombasa mpaka nikaijua kazi, na mzee yule alipofunga duka akaniachia kamera yake ya zamani, sanduku la mbao lenye miguu mitatu ya kuchomoa, mdomo wa shaba, na shuka jeusi la kujifunikia unapotazama kioo cha nyuma. Sanduku hilo ndilo lililonifikisha Amu. Usiku huu nalala kwenye baraza ya ghala, usiku wa pili ukumbi wa msikiti, mchana nawapiga picha watu waliotaka ndugu zao wa mbali wawaone. Nimepiga picha za ndugu za watu wengi sana. Yangu mwenyewe sikuwahi kuipiga, kwa sababu sikujua ningempelekea nani.

Ndipo akaniita Bwana Shee. Alikuwa mjane, ana nyumba kubwa ya mawe ya urithi, na tangu wanawe wahamie Mombasa ghorofa ya juu ilikuwa tupu. Alisikia kuwa Wazungu wa bara hutafuta nyumba za kupanga wakati wa likizo, na wakala mmoja wa Mombasa alimtaka ampelekee picha ya kila chumba. Taabu ilikuwa vyumba vyenyewe. Nyumba za kale za Amu, upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti haivutiki kama mpira, kwa hiyo chumba huwa kirefu lakini chembamba, ukinyoosha mikono karibu ushike kuta zote mbili.

"Vionekane vikubwa," akaniambia Bwana Shee. "Mzungu ni mtu wa kujinyoosha."

"Nitajaribu, bwana."

"Vikionekana vikubwa, kile chumba cha chini karibu na mlango ni chako. Utawapokea wageni, utakula hapa hapa. Utakuwa mtu wangu."

Mtu wangu! Yeye alisema akaendelea kutafuna tambuu yake, mimi neno lile nililibeba siku nzima kama yai. Nilishuka kukitazama chumba, kijichumba cha giza chenye harufu ya popo, nikatia mkono katika vidaka vya ukutani nikachagua kabisa kipi nitaweka kitana na kipi nitaweka msahafu. Mpaka mwaka ule nilikuwa sijawahi kuwa na mahali pa kuacha kitana nikakikuta.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika chumba cha mwisho, kilicho kidogo kuliko vyote. Kila nikiweka kamera, ama kitanda kinakatika miguu, ama dirisha linabaki nje. Nikagandamiza mgongo ukutani mpaka chokaa ikanibandika shati. Wapi! Lakini nyuma yangu palikuwa na mlango mdogo, nikaufungua, nikaona kama kichumba kingine kirefu chenye vidirisha pande mbili. Nikafurahi kwamba Bwana Shee ana chumba cha ziada asichokijua. Nikaamua nirudi nyuma kidogo tu.

(Mtu yeyote wa Amu hapo ameshashika kichwa. Kile hakikuwa chumba. Ni wikio, daraja lililofunikwa linalopita juu ya ndia, njia ya mtaani, na kuunga nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani. Mwanamume hapiti hapo. Mtu wa Vanga angejuaje?)

Nikachomoa miguu ya kamera, nikalikumbatia sanduku kifuani, nikajitupia shuka jeusi lililotufunika mimi na sanduku mpaka magotini, mdomo wa shaba tu ukichungulia nje, nikawa narudi kinyumenyume huku macho yangu yakiwa kwenye kioo, nikingoja kitanda kiingie chote. Mguu wa kwanza wa kitanda ukaingia. Wa pili. Nikapita pazia mgongoni nikidhani ni mtandabui. Kitanda kikaingia chote, na dirisha, chumba kikaonekana kama ukumbi wa liwali, nami nikatabasamu humo gizani, na wakati huo huo sauti ya bibi kizee ikasema nyuma yangu:

"Mwanaesha! Umekuya, mwanangu?"

Huyo alikuwa Bi Rukia, mama wa jirani, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu na hakuona ila vivuli. Mwanaesha, mjukuu wake aliyeolewa Siyu, alikuwa ametoka arubaini ya uzazi, na siku hiyo ndiyo aliyotazamiwa kuleta mtoto. Na mimi hapo nimesimama, kivuli cheusi kama buibui, nimepakata kitu kifuani!

Nikifunua uso, ni mwanamume katikati ya nyumba ya watu. Nikisema, sauti yangu ni ya dume. Nikawaza nirudi nilikotoka. Lakini bibi alikwisha kushika pindo la shuka langu, akanivuta, nikajikuta nimeketi.

"Umechoka. Ndia ya Siyu si ndia ya kupita mzazi. Na kula umekula? Hao wakwe zako nawajua, wali wao ni wa kuhesabu punje."

Wallahi nilikuwa na nafasi ya kutoka. Pindo aliliacha akawa anapapasa mto wa kuniegemeza, na mlango ulikuwa hatua chache. Sikutoka. Ilikuwa miaka sijaulizwa na mtu kama nimekula, na yule bibi alikuwa ananitengenezea mto, akinipepea kwa kipepeo cha ukindu huku akinung'unika, "Pumzika, uko kwenu," na mimi mle ndani ya shuka jasho linanichuruzika pamoja na kitu kingine ambacho si jasho. Nikasema moyoni, acha anipepee kidogo tu.

"Haya, nipa nimpakate."

Nikakaza mikono. Yeye akapitisha mkono chini ya shuka, akapapasa.

"Mbona kichwa chake kina pembe?"

Akapapasa tena, vidole vikafika kwenye shaba ya mdomo wa kamera, na shaba, hata siku ya jua, ni baridi.

"Baridi! Mwana ni baridi! Mwanaesha, mwana amekufa!"

Ukelele alioupiga uliwatoa popo. Mkaza mwanawe, Bi Khadija, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akalivuta shuka, akakutana na masharubu yangu. Akapiga ukelele wa pili, mkali kuliko wa kwanza. Nikapokonya shuka, nikalizungushia sanduku, nikakimbia kwa wikio, chumba, ngazi, nikatokea mlango wa mbele wa Bwana Shee.

Ndia imejaa watu. Walikuwa wametoka kusali alasiri, wamesikia "mwana amekufa", na sasa wananiona mimi, nimeloa machozi na jasho, nimekumbatia kifurushi kidogo kilichofungwa nguo nyeusi. Wakanipisha. Mzee mmoja akaniwekea mkono begani.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, mwanangu. Ni wa kwanza?"

Nikazidi kukikumbatia kifurushi. Mwingine alishatuma watu kuchukua jeneza. Walikuwa wananipa mkono mmoja mmoja, kwa heshima ambayo sijapata kuonyeshwa mahali popote, mpaka dirisha la juu likafunguka na mwiko ukatokeza.

"Huyo huyo! Mshikeni! Kaingia ndani, na hicho ni kisanduku cha picha!"

Wakafunua shuka. Kisha mtu mmoja akasema, "Mwana amefanana na babake, wote wawili vinywa wazi," na ndia nzima ikaangua kicheko, isipokuwa yule mzee wa begani. Yeye akauliza kwa upole, kama inavyoulizwa Amu kabla ya hukumu yoyote:

"Kijana huyu ni mtu wa nani?"

Bwana Shee alikuwa amesimama kwenye daka, kile kiukumbi cha mlangoni pake, tasbihi mkononi. Nikamtazama. Nilijua kwamba akisema neno moja tu mambo yatakwisha, tutacheka wote, nitakwenda kuomba radhi na jioni nitalala kwenye kile chumba chenye popo. Akatazama dirisha la jirani, akatazama watu, akasema:

"Simjui kwao. Nilimwita apige picha tu."

Mwanaesha alifika magharibi na mtoto wake mzima. Vigelegele nilivisikia nikiwa kwenye baraza ya ghala. Nilimwomba yule jirani, mwana wa Bi Rukia, anipelekee radhi kwa mama yake, naye akarudi akaniambia kwa adabu nyingi, "Mama amekusamehe, amecheka hata akapaliwa. Lakini asubuhi kuna mashua ya Kiunga, na nafasi ipo."

Nikaenda Kiunga, na baada ya Kiunga kwingine, na kamera nikaja nikaibadilisha na ndogo isiyotaka shuka. Sirudi tena kinyumenyume hata chumba kiwe kidogo namna gani; wageni wakitaka kukiona kitanda chote, waje wenyewe. Na nikifika mlangoni pa mtu nikasikia sauti ya ndani ikisema karibu, husimama kwanza kizingitini, nikangoja nijue anayekaribishwa ni nani.