Msumari Kwenye Fyuzi

Jumamosi, kwenye kaunta ya duka la vifaa hapa Nakuru, mtoto mgongoni, nilimsikia fundi wa stima akimchekea mteja: "Waya mwembamba wa nini, mzee? Mimi fyuzi ikikatika naweka msumari. Haikatiki tena!"

Watu wakacheka. Mimi nikaingiwa na baridi, maana ndiye aliyetutengenezea fyuzi, na tangu hapo kila nikipiga pasi ukuta wa kando ya kitanda cha mtoto, zinamopita nyaya, unapata moto.

"Na kwetu uliweka msumari?"

"Mama, si taa zinawaka?"

"Nimekuuliza msumari."

Akakuna kichwa. "Mdogo tu."

Basi nikanyakua mfuko wake wa vyombo vya kazi, nikatoka nao. Akanifuata akinong'ona, "Mama, watu wanatuangalia!" Waangalie! Mfuko nilimpa mlangoni kwangu, na hapo mlangoni nikasimama mpaka akazima swichi kubwa, akang'oa msumari, akafunga waya unaofaa.

Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Fundi akikuahidi kwamba yako haitakatika kamwe, mwambie afungue kisanduku cha fyuzi uone, na asipotaka, mfuko wake si mzito sana.