Frigo Iliyowauma Wasio na Viatu

Katika labo yetu ya Baraka, maabara ndogo kando ya ziwa, viatu vilikuwa cheo. Mkubwa wetu, Mkongo kama sisi, alipewa kadi ya evolue, yaani mtu aliyestaarabika kwa mhuri wa serikali ya kikoloni, na siku hiyohiyo akanunua viatu vya soli nene ya mpira. Nadhani alilala navyo. Sisi wengine tuliingia pekupeku kwa amri yake: viatu vya wafanyakazi vinaleta vumbi, vumbi linaharibu vipimo, basi vibaki mlangoni. Vyake havikuleta vumbi. Labda vumbi nalo lilikuwa linamheshimu. Na kila asubuhi sakafu ya saruji ilimwagiwa maji mpaka bata wangeweza kuogelea.

Sasa weka frigo, jokofu letu la chuma, katikati ya bwawa hilo. Ilitunza chanjo, na umeme wake ulitoka kwenye mashine iliyonguruma nyuma ya jengo. Waya wake ulikuwa umeliwa na panya, ukawa unagusa chuma mahali fulani kwa ndani. Ukishika mpini pekupeku, unatupwa. Mara ya kwanza iliponitupa mimi, niliona ng'ambo yote ya ziwa mpaka soko la Kigoma, na bei ya dagaa nikaisoma. Lakini mkubwa alipoishika na mpira wake miguuni, haikumfanya kitu. Kutokana na hilo akajenga elimu nzima: umeme unamjua mtu mwenye kadi.

Mambo yote ya hatari aliyajua namna hiyo. Barafu kavu, ile ya gesi inayounguza kwa baridi, ilipoletwa kwa boti kutoka Albertville, ndani ya sanduku la unga wa mbao, alituambia barafu ni maji tu, tuichukue kwa mikono. Ngozi ya vidole vyangu ikabaki juu yake kama utandu wa maziwa. Glovu za ngozi zilikuwapo, jozi moja, ila yeye alizivaa akienda Mboko kwa baiskeli kusalimia wakwe.

Aliyekataa kwanza ni mwenzangu wa kuosha chupa, Mubembe mwenye umri wa baba yangu.

"Shefu, ile kabati mi sitafungua tena. Iko inauma."

"Inauma? Iko na meno?"

"Meno sijaona. Lakini jana ilinitupa chini na chupa zote."

Mkubwa, ambaye sote tulimwita Shefu, akavuka maji, akashika mpini, akaupapasa kama mkono wa mchumba. "Mbona mi hainiume? We iko na woga ya pori, baba. Dokta akifika Jumamosi, nitamwambia akufukuze. Utaenda kulima pamba."

Huo haukuwa mzaha. Siku zile mwanamume asiye na kazi ya mjini alipimiwa shamba la pamba la lazima, na pamba ikiwa mbaya, fimbo ilikuwa nzuri. Mwenzangu alikwisha kuilima. Jioni ile alinyanyua shati akanionyesha mgongo.

Mimi nilikuwa namalizia shule ya jioni, na somo la umeme nilikuwa nimelielewa nusu. Nusu ilitosha. Asubuhi nikaleta sanduku la sabuni, la mbao kavu, nikaliweka mbele ya frigo.

"Baba, panda hapa, ushike."

Alinitazama kama mtu anayeuzwa, lakini akapanda. Akagusa kwa kidole, kisha kwa mkono mzima. Haikumtupa. Akafungua, akafunga, akafungua tena, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba yake mpya.

Shefu alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikadhani tumepona.

"Si munaona," akasema. "Haiume. Mulikuwa munanidanganya." Akalipiga sanduku teke mpaka nje, kwa sababu lilikuwa chafu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijakutana na ujinga ulionyooka hivyo.

Jumamosi daktari, Mzungu aliyetusimamia sote, akafika kwa boti kutoka Uvira. Boti ilikuwa haifiki nchi kavu, abiria alishukia majini. Basi Mzungu akaja moja kwa moja labo, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vinaning'inia shingoni, miguu myeupe kama mihogo iliyomenywa. Alitaka kuona chanjo. Shefu akamfuata kandokando akimshtaki mwenzangu kwa woga, na alikuwa amefika kwenye shtaka la uvivu wakati daktari aliposhika mpini.

Sauti aliyoitoa ilifika Bibokoboko, kule milimani, ng'ombe wakaacha kula. Alipojiona ameketi ndani ya maji, alitazama miguu yake, akatazama yetu, mwisho akatazama viatu vya Shefu. Hakuhitaji shule ya jioni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Dokta, labda ni baridi ya ziwa..." Shefu akaanza.

"Pole, Dokta," mwenzangu akasema, ingawa hakuulizwa. "Ule woga Shefu alikuwa anakuelezea, ndiyo huo."

Mashine ikazimwa palepale. Waya ukabadilishwa, mwingine ukazikwa ardhini uumeze umeme unaovuja, na ikatoka amri mpya kwamba hakuna kuingia labo bila soli ya mpira. Habari ya kufukuza mtu haikutajwa tena.

Jumatatu Shefu alitupanga mstari akatufundisha hatari za umeme, kwa ufasaha wa mtu aliyeuvumbua yeye mwenyewe. Mwenzangu alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia "Ndiyo, Shefu" kwa adabu iliyonilazimu kutoka nje nicheke, kisha akarudi kwenye chupa zake. Msimu ule pamba ililimwa bila yeye.