Kasukari mbele ya Pentekoste

Mbele ya nyumba yetu mu Lumumba, mutaa moya ya Bunia, kutoka ku mulango mupaka ku barabara, nilikuwaka na mistari mbili ya maua nyekundu. Watoto ya kartier walikuwa wanaiita kasukari. Mutoto anavuta ua moya polepole, inatoka sawa katubo kadogo, ananyonya kule nyuma, anapata tone moya ya utamu, anatupa, anavuta ingine. Kila saa ya kutoka ku masomo walikuwa wanajipanga pale sawa ngombe ku maji. Nilikuwa nawaambia: "Kila mutu mbili tu." Walikuwa wanahesabu mbili mupaka nakamata fagio. Wanakimbia, wanacheka, kesho wanarudi.

Mbegu ilitoka kwa mama yangu, kule Djugu. Siku tulikimbia vita, miye nilibeba mutoto ku mugongo na sufuria ku kichwa. Mama alibeba rozari yake na kafundo kadogo mu pembe ya kitenge. Ku njia nilimuuliza kama ni chumvi. Akasema hapana, ni maua. Nilikasirika. Watu wanabeba unga, yeye anabeba maua. Aliniambia tu hivi: "Unga tutakula, nyuma ya siku tatu utasahau kama tulikuwa nayo." Tulipofika Bunia, mvua ya kwanza tu, alizipanda kando ya hema yetu ku kambi. Nyuma, wakati tulipata hii lupango, kiwanja ya kujenga nyumba, tulizihamisha. Mama alikufa mu kitanda yake, na padri pembeni, namushukuru Mungu kwa hiyo. Lupango yake ya Djugu imekuwa majani matupu. Kitu ya mukono yake yenye ingali inaota ni ile maua tu.

Wakati ninasema hapa, vita ilikuwa imenyamaza. Ilikuwa imenyamaza sawa mutoto mwenye amelala: mutu anatembea polepole. Soko ilikuwa inajaa, watu walikuwa wanajenga, harusi kila Jumamosi. Lakini nyuma ya mulango ya kila mama kulikuwa sakoshi ya mbio, mufuko ya kukimbia nayo: kitenge moya, karatasi za ubatizo za watoto, chumvi, kiberiti. Mu yangu niliongeza kafuko ka mbegu.

Miye sikusoma wakati ya utoto. Nilianza masomo wakati niko na miaka arobaini, mu sale, chumba kubwa ya mikutano ya parokia, saa kumi na moya ya mangaribi, siku tatu ku juma. Tulikuwa bamama kumi na tano, wengine wananyonyesha huku wanaandika. Mualimu wetu, muzee moya mwenye alishapata pensio, alikuwa anapenda kusema: "Andikeni majina ya vitu ya kwenu, mutaona herufi inaanza kuwajua." Ile maua, masere, mutawa mwenye anatumika ku dispensere, alikuwa ameniambia siku moya kama jina yake ya kweli ni salvia. Basi nilitafuta kibao, nikaandika na rangi nyeupe, herufi kubwa: SALVIA. S ya kwanza ilitazama nyuma. Niliifuta, nikaandika upya. Nikasimika ile kibao katikati ya maua, na kila mutu mwenye alipita alisoma kazi yangu.

Ile kibao njo ilileta shida.

Ilikuwa juma mbili mbele ya Pentekoste. Ni sikukuu ya ndimi za moto, altare inavaa nyekundu, na kupamba altare ilikuwa kazi ya shirika yetu, jumuiya ndogo ya Wakristo ya mutaa. Kanisa yote ilikuwa inajitayarisha, hata mabenchi walikuwa wameipaka rangi mupya ya kijani. Padri alikuwa amekwenda kutembelea Wakristo kule Marabo, na parokia alimuachia katekista. Katekista wetu ni mutu muzuri, lakini ni mutu ya mustari: suruali yake iko na mustari ya pasi, maneno yake vilevile. Mwezi ule alikuwa amepata telefone ya internete.

Jumamosi wasichana wadogo wenye wanachezaka mbele ya altare walikuya kujizoeza. Kitindamimba wangu alikuwa kati yao, miaka tisa. Wote walipita kwangu mbele, wakanyonya kasukari, wakaingia mu kanisa na nyekundu ku midomo. Katekista alikuwa amekaa ku benchi anawangojea. Alisimama, akawageukia mugongo kwa kuwaonyesha namna ya kuinama mbele ya altare. Wakaanza kucheka. Akawagombeza, akageuka tena, akainama tena. Wakacheka zaidi. Moya alianguka chini, mwingine alilia machozi. Katekista alitoa kipande ya ua ku mudomo ya moya wao, akauliza: "Hii mumeitoa wapi?" Wakamwambia kama ni kwangu, pale ku kibao.

Saa ile ile alikuya kwangu, pamoja na prezida ya bamama, mwenye anakaaka na miye benchi moya ku misa.

"Mama, hii jina uliandika mwenyewe?"

"Niliandika mwenyewe, Papa katekista." Nilifikiri anakuya kunisifu juu ya mwandiko.

Alinionyesha telefone. Ilikuwa Kifaransa, na maneno ilikuwa kadogo sawa siafu. Akasoma yeye, akatafsiri: "Majani ya salvia, mutu akiitafuna ao akivuta moshi yake, anaona vitu yenye haiko. Anacheka bila sababu. Anasahau pale yeye iko." Akafunga telefone. "Anacheka bila sababu, mama. Miye niliwaona na macho yangu, mu nyumba ya Mungu."

"Mama yangu alipanda hii maua maisha yake yote, na hakuna mutu alilewa."

"Mama yako hakukuwa na telefone."

Prezida alitazama viatu yake. "Pengine tungeweka ile ya plastike," akasema. "Ya nyekundu iko ku soko."

Katekista alikata maneno. Si kesho, Siku ya Mungu ya juma ingine, nyuma ya misa, shirika itakutana. Ikikubali, kesho yake, Siku ya Kwanza, bamama watakuya na jembe, watangoa yote, watachoma. "Watu ya biro ya serikali wakisikia kama Kanisa iko inalima droge, madawa ya kulewesha," akasema, "nani atajibu?"

Walipoenda, nilikimbia ku sakoshi nyuma ya mulango. Nilijua mbele ya kufungua. Panya alikuwa ameingia mu mvua ya Aprili, alikula mbegu yote, aliacha chumvi. Na ile ya inje ilikuwa ingali mubichi, mbegu haijakomaa hata moya. Wakingoa sasa, ya mama imeisha.

Nilisali fungu moya ya rozari. Nyuma, juu miye sipendi kubishana juu ya kitu sijue, nilichuma majani tatu, nikakaa ku kiti mbele ya jikoni, nikatafuna. Ilikuwa uchungu sawa dawa ya minyoo. Bwana yangu aliingia anasukuma kinga, baiskeli yake, akanikuta nimekaa, macho wazi, mikono ku magoti.

"Mama ya watoto, uko nafanya nini?"

"Niko nangojea kuona vitu."

"Na unaona nini?"

"Naona paa ya jikoni inavuja, na weye unaniambia kutoka Noeli kama utaitengeneza."

"Basi haukulewa," akasema, akaenda kuomba ngazi kwa jirani.

Paa ilitengenezwa. Lakini nilijua ku mukutano hawatasikiliza tumbo yangu. Siku ya Kwanza, ku masomo, niliinua mukono, nikaeleza yote mbele ya wenzangu. Nilifikiri watacheka. Mualimu hakucheka. Alifuta tablo ya chaki, akasema: "Munipe siku mbili." Ku somo yenye ilifuata, alikuya na kitabu moya ya zamani ya mimea, kubwa sawa tofali, na telefone ya mutoto wake. "Leo dikte ni ya salvia," akasema. "Na makosa nitahesabu."

Alisoma, siye tuliandika. Salvia si mumea moya. Ni jamaa kubwa, iko na aina mamia na mamia mu dunia. Ile ya masere, yenye anatia mu chai ya kikohozi, ni ya jamaa ile. Ile nyekundu ya mapambo ni ya jamaa ile, ilitoka Brezili, watu wanaipanda kwa uzuri yake tu. Na iko ingine moya, ya milima ya Meksiko, majani yake mupana, maua yake nyeupe na zambarau, na mara mingi haitoe hata ua. Ile njo inageuza kichwa.

"Jamaa moya, tabia mbalimbali," mama moya akasema. "Sawa watoto ya baba yangu."

"Nyamaza, andika," mualimu akasema.

Akaendelea. Kule Meksiko, waganga ya milima wanatumia ile majani kwa kuuguza, mu giza na kimya, huku wanaomba, na wanaiita majani ya Maria Muchungaji. Hapo hata miye niliacha kalamu. Prezida ya bamama, mwenye alikuwa anasoma na siye na alikuwa anakaa mbali na miye juma ile, aliuliza polepole: "Maria huyu wetu?"

"Huyu wenu."

"Kumbe na wao wanasali."

"Wanasali. Lakini vijana ya miji ingine wanavuta moshi yake kwa kujifurahisha, na mutu anaweza kuanguka, kuumia, kusahau kama iko na mwili. Si kitu ya muchezo. Katekista hakusema uongo. Alifika tu ku mumea yenye si ya kwetu."

Alihesabu makosa yangu: sita. Nilirudi nyumbani, nikaandika upya mara tatu mupaka hakukuwa hata moya.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tulibaki mu kanisa, watu sawa makumi matatu. Katekista alisoma yake ku telefone. Nyuma nilisimama na kaye yangu, daftari ya masomo. Nilikuwa sijasoma bado mbele ya watu wenye si wa masomo. Niliweka kidole chini ya neno ya kwanza, nikasoma, neno moya-moya, mupaka Brezili, mupaka Meksiko, mupaka Maria Muchungaji. Ilikawia. Mutoto moya alilala. Lakini hakuna mutu alinikata.

Katekista alisikiliza yote, kichwa chini. "Mama, umesoma vizuri," akasema, na niliona kama anasema kweli. "Lakini neno moya inabaki. Wale watoto. Kama si ile ua, walikuwa wanacheka nini?"

Hapo hakukuwa jibu mu kaye. Nilimuita binti yangu, mwenye alikuwa anachungulia ku mulango.

"Sema kweli mbele ya Mungu. Mulikuwa munacheka nini?"

Alitazama miye, akatazama katekista, akatazama miguu yake. "Papa katekista alikuwa amekaa ku benchi yenye rangi haijakauka," akasema. "Nyuma ya suruali alikuwa kijani. Mistari mitatu. Na kila mara aliinama..."

Hakumaliza. Katekista alipeleka mukono nyuma, polepole, sawa rangi ingali pale. Kisha muke wake, mwenye alikuwa ku benchi ya nyuma, akasema bila kuinua sauti: "Niliisugua na petroli siku mbili. Ukaniambia ni majani ya njia."

Prezida ya bamama alijifunika na kitenge, mabega yake inaruka. Benchi yote ilianza kutikisika. Katekista alijaribu kushika uso, alishindwa, akataka kukaa, lakini mbele ya kukaa akagusa benchi na kidole aone kama imekauka, na hapo hata wazee walicheka mupaka machozi.

"Papa," prezida akauliza, "sasa hapa nani amelewa?"

Maua ilibaki. Katekista aliomba kitu moya tu, na alikuwa na haki: niandike vizuri ku kibao, mutoto asizoee kutia kila jani mu kinywa. Niliongeza chini ya jina: NYEKUNDU YA MAPAMBO. MAJANI HAPANA. Ku Pentekoste altare iliwaka kutoka chini mupaka juu, na wasichana waliinama mbele yake bila kucheka, hata kama katekista alikuwa amesimama tangu asubuya, hakukubali kukaa.

Mu Agosti mbegu ilikauka. Ni nyeusi, kadogo, inateleza mu vidole. Wakati wa mama, ilikuwa mu fundo moya. Wakati wangu, mu sakoshi moya, na panya moya alitosha kuimaliza. Basi nilipasua kaye yangu ya kwanza, ile ya S zenye zinatazama nyuma, nikafunga tufuko, nikapatia kila mama ya shirika na kila mama ya masomo. Niliwaambia: nusu mutie mu udongo, nusu mutie mu sakoshi ya mbio. Hakuna mwenye aliuliza sababu. Muke wa katekista alikuya mwenyewe, na akaomba kafuko ka pili ya dada yake wa Marabo.

Ile ya kwangu niliifunga mu karatasi ya dikte, ile yenye haina kosa, nikaitia mu kopo ya chuma ya maziwa yenye iko na kifuniko, nikaiweka mu sakoshi kando ya chumvi. Panya atafute ingine.