Mlolongo Uliokimbia Mvua

Hapa Karungu, ukitaka kumjua mtu, ngoja mvua ije wakati omena, dagaa wetu wa ziwani, iko juani. Hapo hakuna cha yangu wala yako. Unaanua iliyo karibu nawe, na wenyewe mtatafutana baadaye, kwa sababu omena ikilowa inaoza, na uvundo wake hauchagui chama.

Mwaka juzi tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa kamati ya ufuo. Jirani yangu, aliyeolewa na ndugu ya mume wangu, mwanamke mwenye mdomo kama mimi, akasema anagombea. Ahadi yake ilikuwa moja tu: atatujengea paa la kuanikia omena. Mwenyekiti wetu alikuwa amekikalia kiti kile mpaka kikachukua umbo lake. Haukupita muda, jirani yangu akarushiwa mawe akitoka kuteka maji. Siku ya kura alikuja na bendeji kichwani, juu yake kitambaa cha kanisani. Nilikuwa na hasira, nikaanza kumwendea mwenyekiti.

"Nyieka, wacha," akaniambia. Ndivyo tunavyoitana sisi wake wa ndugu. "Kichwa ni changu, na bado kinafanya kazi."

Kura yetu ni ya mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, kila mmoja akuone. Mlolongo wetu ulifika mpaka kwenye mashua. Kwa mwenyekiti alisimama mkewe, shemeji zake, na lori zima la vijana wenye rungu ambao hakuna aliyewajua. Msimamizi akainua mkono aanze kuhesabu. Yawa! Mvua hiyo, inakuja mbio kutoka ziwani.

Sijui nani alianza kukimbia. Labda ni mimi. Mgombea wetu mwenyewe alitimka, bendeji inafunguka, na mke wa mwenyekiti naye huyo nyuma yake. Tukakunja neti za kuanikia, tukajaza mabeseni, tunapiga kelele na kucheka. Tuliporudi, wale vijana walikuwa wamesimama palepale, wamelowa chapachapa. Hawana omena, wangekimbilia nini? Msimamizi alikuwa ameshawahesabu. Jirani yangu hakupata hata kura yake mwenyewe.

Tulilalamika mpaka sauti zikakauka. Mwenyekiti akasema aliyetaka kupiga kura angebaki kwenye mstari. Lori likawabeba vijana wake, likaenda zake.

Jioni tukaanza kurudishiana omena. Kila neti ina alama ya mwenyewe, na ile aliyoanua jirani yangu ilikuwa ya mwenyekiti. Nikamsindikiza. Tulimkuta mwenyekiti mezani, ugali na omena mbele yake.

"Karibuni," mkewe akasema, halafu akainamisha macho. "Mimi nilianua yako, mama. Lakini mzee ameshaanza kuila."

Wallahi nilitamani kuimwaga ile sahani. Jirani yangu akavuta kiti, akamega ugali wa mwenyekiti, akachovya, akatafuna polepole.

"Kula, mwenyekiti, ni tamu," akasema. "Ila mvua ijayo, uwaite wale wa lori waje wakuanulie."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja. Mkewe alikuwa anajaza beseni la jirani yangu, anairudisha omena yake yote iliyobaki.

"Na waje mapema," akamwambia mumewe. "Mimi nitakuwa kwa huyu, naanua."