Mistari Mitatu Yenye Jina Lake

Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vitambaa, Quartier Asiatique, mtaa wa jiji la Buja. Tulitengeneza vifaa vya kupima baridi katika friji za chanjo na kutoa onyo joto likipanda, na mimi ndiye niliyesimamia programu. Vifaa vilikuwa vinaganda, yaani vinaacha kujibu, kila baada ya wiki chache. Mwanamke mmoja kutoka Bukavu, mgeni kwetu, ndiye aliyegundua sababu.

Tatizo lilikuwa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa mashine. Kila kitu kinachotumika mle kina hesabu: anayekichukua anaongeza moja, anayemaliza anapunguza moja, na ikifika sifuri kumbukumbu yake inaachiliwa. Umeme ukikatika, kipimo cha joto kilicho ndani ya friji hakijibu, na programu yetu ilikuwa inatoka bila kupunguza. Na umeme wa Buja unakatika kila siku. Kumbukumbu ikajaa, kifaa kikaganda.

Aliandika mistari mitatu ya programu: kipimo kikishindwa, punguza kabla ya kutoka. Ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniudhi. Nilihamishia upunguzaji mwishoni, mahali ambapo hata usomaji uliofaulu hupitia, nikaliacha jina lake juu ya kazi hiyo.

“Chef, apana,” aliniambia mimi mkubwa wake. “Kikisoma muzuri, ile sehemu ya programu yenye kukiita itapunguza tena. Itakuwa mara mbili. Kitaachiliwa na mutu angali anakitumia.”

“We ulisoma wapi? Soko ya Bukavu?”

Wenzetu wote ofisini walicheka. Nilisubiri wamalize, nikarudia swali, wakacheka tena. Mezani kifaa kilifanya kazi siku nzima, maana kumbukumbu iliyoachiliwa mapema haileti shida mpaka itumike kwa jambo lingine. Tukaisambaza programu.

Wiki hiyohiyo, katika kituo kimoja cha afya, kifaa kilizimika, friji ikapata joto, na hakuna aliyeonywa. Chanjo zote zilitupwa. Akina mama waliokuja na watoto mgongoni walirudishwa nyumbani.

Patron, mwenye kampuni, alituita sote. “Nani aliandika hii?”

Mwanamke yule alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe.

“Jina liko pale, patron,” nilijibu.

Alifukuzwa kabla ya saa sita. Alipokuwa anakunja waya wa kompyuta yake, nilimwambia afanye haraka, kuna mwingine anahitaji meza. Kesho yake nilirudisha mistari yake mitatu kama alivyoiandika, safari hii kwa jina langu. Vifaa havikuzimika tena. Patron alinipongeza mbele ya watu walewale waliocheka.

Mwaka uliofuata nilimkuta mtaani Cibitoke, kwenye kibanda, anatengeneza simu. Nilidhani atanitukana.

“Karibu, chef. Vile vifaa vinatembea?”

“Vinatembea, havigandi tena.”

“Uliweka mistari yangu?”

Nilimwambia tuliandika programu yote upya, kwamba mistari yake haikufaa kitu. Aliitikia kwa kichwa polepole, akarudi kwenye simu aliyoifungua. Aliniamini. Niliona mikono yake ikisitasita juu ya bisibisi, kama ya mtu aliyeanza kutilia shaka hata kile anachokijua.

Nikaondoka.